Kaa wa Tanki la Dirishani

4 Februari

Mume wangu, Bwana Msomaji,

Fungua boksi kabla ya kusoma. Najua utafanya kinyume, ndiyo maana nasema hapa juu kabisa: barafu kwanza, mke baadaye.

Ndani kuna mirija ya damu ya kaa wa matanki yote matatu, la mlangoni, la katikati na la dirishani. Nimechota matone kwenye kiungo cha mguu na kuyatia kwenye dawa papo hapo, kama tulivyokubaliana. Yule jeuri wa dirishani, Bwana Harusi, amenibana kidole mpaka nikamtukana. Naandika kwa kidole kilichofungwa plasta, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Pampu ya hewa ilizimika juzi. Nusura niwapoteze wote. Uongozi umeniletea fundi mpya, kijana mrefu, mlango wa banda letu la kaa anaupita ameinama. Ana mikono ya dawa huyo mtu, na ana maneno ya kuchekesha, basi kazi inakwenda. Atakuwa anakuja Jumanne na Ijumaa mchana mpaka pampu zitengemae.

Usisahau alichosema Profesa wako kwa mdomo wake: sampuli zikiwa safi mpaka kaa wajivue magamba, nafasi ya masomo huko chuoni ni yangu. Nimewalisha kaa hawa kwa miaka. Safari hii nataka wao wanilishe mimi.

Wifi anakusalimu. Tangu uondoke na yeye aje kukaa nami, karanga hazikai ndani ya nyumba hii.

Halafu huyo "mwenzangu" anayekuletea chai ukiwa kwenye mashine ni nani? Sina wivu. Nauliza tu.

Mkeo


11 Februari

Mke wangu, Mama Kaa,

Boksi limefika barafu ikifuka moshi bado. Nimefungua boksi kwanza. Haya, nimefungua barua kwanza, lakini kwa mkono mmoja.

Huyo mwenzangu ni mama mtu mzima, ndiye mwenye mashine ya kusoma jeni, anastaafu mwaka huu, na chai yake haina sukari. Umeridhika?

Sampuli ni safi kabisa. Mama wa Mashine mwenyewe kasema hajapokea damu iliyohifadhiwa vizuri namna hii. Kaa wako wote wametulia. Ukiendelea hivi hadi wajivue, Profesa hana pa kuchomokea.

Sasa na mimi nina swali. Pampu gani hiyo ya kutengenezwa mara mbili kila wiki? Mimi nimeitengeneza pampu hiyo hiyo kwa bisibisi na kipande cha mpira, ikakaa mwaka. Na mtu akija kutengeneza pampu, maneno ya kuchekesha ya nini? Pampu inacheka?

Sina wivu. Na mimi nauliza tu.

Mumeo


11 Februari

Mdogo wangu,

Hii isome ukiwa peke yako, kisha uichane. Usinipigie simu, wifi yako ana masikio.

Kuna fundi anakwenda bandani Jumanne na Ijumaa. Nataka upite pale mchana, uangalie tu. Usiingie. Lipo dirisha la nyuma. Uniandikie ulichokiona bila kuongeza chumvi. Na sisemi kwamba kuna kitu. Nasema uangalie.

Kaka yako


21 Februari

Kaka,

Barua yako sijaichana, nimeiweka ndani ya kiatu, kwa hiyo natembea na siri yako mguuni.

Nimekwenda mara tatu. Dirisha lile liko juu, nimepata debe nikalipindua nikapanda. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini mimi kazi yako imenipandisha juu, na siku nitakayovunjika nyonga utanilea wewe. Hicho kioo nacho kina vumbi, inabidi niweke pua kabisa. Na mbele yangu kuna tanki limeziba! Kaa wamejaa pale wananikodolea macho. Nawapungia mkono wasogee, nagonga kioo, namulika na taa ya simu, wapi. Wanarudi nyuma wote wameinua makucha kama wanataka kunipiga, halafu wanarundikana kona ile ile inayonizibia.

Nilichoona ni hiki: fundi amelala chini ya pampu, miguu imetokeza. Mke wako anaandika. Fundi akasema kitu, mke wako akacheka. Mke wako akasema kitu, fundi akacheka. Basi. Kaka, mimi nikicheka na muuza mkaa utasemaje?

Nasikia aibu. Lakini macho hayana pazia, na wewe ndiye uliyenituma.

Dada yako


27 Februari

Mdogo wangu,

Walicheka nini? Hapo ndipo penye jambo, na wewe umeparuka. Endelea kwenda. Sogea karibu zaidi, usikie.

Kaka yako


20 Machi

Mke wangu,

Boksi la pili limesomwa. Nimekaa na majibu haya siku kadhaa kabla ya kuandika, nisije nikaandika kwa hasira. Hasira haijaisha, lakini karatasi inasubiri.

Unajua vizuri kuliko mimi kwamba jeni zote ziko ndani ya kaa saa zote, kama vyombo jikoni, na mashine hii kazi yake ni kutuambia leo vimetumika vyombo gani. Kaa wa mlangoni na wa katikati wametulia. Jeni za kujiandaa kujivua gamba zimeanza kuamka, vizuri kabisa. Wa dirishani ni balaa. Jeni za mshtuko, zile zinazowaka kiumbe akitishwa, akipigwa na joto au akiwekwa nje ya maji, zimewaka zote. Za kujivua zimelala fofofo. Matanki matatu, maji mamoja, chakula kimoja, pampu moja. Tofauti ni nini?

Nitakuambia tofauti. Benchi la kukalia liko upande wa dirisha. Fundi wako akipumzika anakaa wapi? Umemtoa kaa majini, sindano mkononi, mtu anakuchekesha, ukasahau mkononi una nini. Kaa anahangaika hewani, wewe unacheka. Mtu anaweza kunidanganya, kaa hajui kudanganya. Damu yake imesema.

Profesa aliyaona majibu, akauliza. Nimemwambia nilichokiona: mchukua sampuli hakuwa makini. Nafasi ile ameisimamisha kwanza. Sikufurahi kusema. Lakini ulitaka nimfiche?

Mumeo


26 Machi

Kwako,

Salamu sina.

Ulipoandika "mwenzangu" roho iliniuma, nikakuuliza waziwazi. Ukanijibu ni mama anayestaafu, nikaamini, nikalala usingizi wangu. Hiyo ndiyo dawa ya wivu, kuuliza na kuamini. Wewe uliuliza habari za pampu, mimi hukuniuliza. Umekwenda kuuliza damu ya kaa kama mke wako ni mwaminifu! Watu wakisikia watatucheka mpaka wajukuu.

Nimemtoa kaa majini na kumrudisha kabla hajajua ametoka, kila mara, tangu siku ya kwanza, na wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo unajua. Ndiyo, nilicheka. Fundi alisema pampu yetu inakoroma kama baba mkwe wake. Hicho ndicho kicheko. Kiweke kwenye mashine ukisome.

Akufukuzaye hakuambii toka, lakini wewe hukutaka hata kuzunguka, umekwenda moja kwa moja kwa Profesa kunifungia mlango kabla sijasikia hodi yako. Miaka yote ya kunuka kaa, mikono imechanika, nangojea nafasi hiyo moja, na umeichukua kwa sentensi moja kwa sababu nilicheka.

Ila jambo moja ni kweli, na linanikera kuliko wewe. Kaa wa mlangoni wameshaanza kujivua. Wa katikati wameanza. Wa dirishani hata mmoja, Bwana Harusi na gamba lake lile lile la zamani limekuwa na kuvu. Kuna kitu kinawatisha. Mimi sicho, na nitakijua.

Usiandike mpaka nikuandikie.

Mimi


24 Aprili

Kwako,

Boksi linakuja na barua hii. Mirija yote ni ya tanki la dirishani, na imeandikwa herufi mbili tu, A na B. Ni ipi na ni ya nini, sikuambii, na nimehakikisha hakuna wa kukuambia. Nakala ya maelezo nimemtumia Profesa ndani ya bahasha iliyofungwa, asiifungue mpaka umjibu. Wewe si umesema damu haidanganyi? Haya, isome.

Mimi


12 Mei

Mke wangu,

Nimeisoma mara mbili, na Mama wa Mashine akaisoma bila mimi.

A ni shwari. Jeni za mshtuko zimelala, za kujivua zimeamka kama za wale wa mlangoni. Ukiniambia hawa wameshajivua nitaamini. B ni yale yale ya Machi, tena zaidi. Mshtuko mtupu.

Kwa hiyo niliona sawa. Siku za A ulikuwa makini, siku za B kosa limerudi. Naomba kitu kimoja tu, na ukinijibu kwa ukweli nitakusamehe: siku za B, nani alikuwa pale bandani? Nitajie mtu mmoja.

Profesa amesema atafungua bahasha kesho.

Mumeo


20 Mei

Mume wangu,

Unataka nikutajie mtu. Ni dada yako, na aliyemtuma ni wewe.

Sikiliza ilivyokuwa. Baada ya barua yako ya Machi nilizunguka banda nikitafuta kinachowatisha kaa wangu. Paka? Jua? Bomba linalovuja? Nyuma, chini ya dirisha, nikakuta debe limepinduliwa, na pembeni maganda ya karanga, mengine bado mabichi. Nikasema moyoni, panya huyu namjua.

Ijumaa nikakaa ndani, chini ya meza, kimya. Mchana uleule wa siku zote, uso ukatokea kiooni, pua imebandikwa, taa ya simu inamulika moja kwa moja ndani ya tanki, na vidole vinagonga ko-ko-ko. Kaa wote wakarudi nyuma, makucha juu, wakarundikana kona. Bwana Harusi alikuwa anatetemeka, nakuapia. Nikaita, "Wifi!" Akaenda chini na debe lake.

Alilia sana kwanza, ndipo akavua kiatu akanipa barua zako. "Sogea karibu zaidi, usikie." Mwandiko wako nimeujua hata kabla sijasoma. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila mimi changu kilikuwa nyumbani kwangu kinakula karanga zangu.

Sikumgombeza. Nilimpa chai, na alipoacha kulia nikampa kazi. Niligawa tanki la dirishani kwa ubao katikati. Nusu moja nikaifunika kwa kitambaa cheusi upande wa kioo. Hao ni A. Nusu nyingine nikaiacha wazi, na wifi nikampangia zamu juu ya debe, Jumanne na Ijumaa mchana, agonge, amulike, apunge mkono, vilevile kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Hao ni B. Wote nimewachota damu mimi, kwa mkono huu huu, sindano hii hii. Na Fundi? Pampu zimepona tangu mwisho wa Machi, hajakanyaga hapa tena. Nilicheka peke yangu, kama unataka kujua.

A wamejivua wote. Wamelala chini ya mawe na miili yao laini, hawana hata ukucha wa kujitetea, wanangoja gamba jipya likauke. B hata mmoja. Kaa anayejivua gamba hana kinga yoyote, mume wangu. Akijua kuna jicho linamchungulia, hajivui. Atabanwa na gamba la zamani mpaka limuumize, lakini hajivui. Nimekaa nao miaka na sikuwahi kulijua hili mpaka uliponiwekea mchunguliaji.

Profesa amefungua bahasha. Ameniandikia mimi, siyo wewe.

Mkeo


22 Mei

Kaka,

Mimi nimejitoa kwenye kazi yako. Nimeajiriwa na mke wako, na kusema kweli yeye ana utaratibu. Ananiambia gonga, nagonga, ananiambia shuka, nashuka. Fundi nilimkuta njiani nikamwomba radhi. Akaniuliza radhi ya nini, hata hakujua kama alikuwa anachunguliwa. Umemchukia bure mtu wa watu.

Mke wako analia usiku, kaka. Siyo kwa ajili ya masomo. Hilo la masomo alilia Machi, likaisha. Sasa hivi analia kwa sababu yako. Sijaongeza chumvi.

Dada yako


29 Mei

Mke wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Ninayoandika sasa nimempa Mama wa Mashine aisome kwanza, kwa sababu mwenyewe sijiamini tena kusoma kitu. Alipofika kwenye debe alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaacha kucheka akaniambia, "Baba, wewe umeharibu."

Nimeharibu. Nilikuwa huku peke yangu, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linaloangalia ukuta, nikisoma kila siku kinachoendelea ndani ya kaa walioko kwako. Nikaona kama nikiweza kujua siri za kaa, nitashindwaje kujua za mke wangu? Ulipoandika "mrefu" nililiona neno lile hata nikifumba macho. Wivu umenila, nami nimewalisha kaa wako wivu huo huo. Nimekwenda kwa Profesa, nikamwambia mbele ya watu wote wa maabara kwamba mchukua sampuli alikuwa makini kuliko msomaji. Niliinama nikisema. Naomba unisamehe. Ukija huku chumba hiki kitatutosha, nitaomba kitanda kingine.

~~Fundi yuko wapi siku hizi?~~ Hilo nimelifuta. Naona bado linasomeka. Nisamehe na hilo.

Mumeo


15 Juni

Mume wangu,

Nafasi nimepata. Nafika mwisho wa mwezi ujao, na kaa wachache ndani ya maji yao, Bwana Harusi akiwemo. Tulimwekea kitambaa naye, wiki iliyopita akajivua. Nilimkuta asubuhi pembeni ya gamba lake, mpya kabisa, mlegevu, hata kunibana hawezi. Nilikaa chini nikamwangalia kwa mbali, nikalia, halafu nikainuka nikaenda kazini.

Profesa anataka tuandike ripoti kuhusu kaa wanaochunguliwa. Jina langu litakuwa la kwanza. La wifi la pili, amekwisha kuwatangazia mtaa mzima. Profesa akaniuliza kuhusu lako, nikasema bado nafikiri. Barua yako ya kuomba msamaha nimeipokea na nimeiweka mahali pazuri. Sijasema nimemaliza kuisoma.

Kitanda cha pili usikiombe. Nimeomba chumba changu, jengo la wanafunzi, ghorofa ya chini, upande wa bustani. Usikasirike na usimtume mtu. Umeniona kila upande na hukuniona, sasa nataka nikae mahali ambapo sichunguliwi mpaka nikauke.

Wifi anapenda kusema macho hayana pazia. Dirisha langu litakuwa nalo. Siku utakayotaka kuniona, zunguka uje mlangoni, upige hodi, usubiri niitike.

Mkeo